Majani ya Wifi Kreszenz

Hinterreuth, 18 Agosti

Kwa wifi yangu Heike,

Salamu nyingi. Hujambo? Sisi huku hatujambo, na ng'ombe nao hawajambo, isipokuwa yule mweupe aliyeumia kwato. Anachechemea, lakini maziwa anatoa. Nakuuliza hujambo kwa desturi tu. Vroni, binti wa mjomba, ameniambia una saratani ya damu tangu baridi ilipoisha. Ningependa kuisikia kutoka kwako, lakini mimi na wewe hatujasemeshana tangu kaka yangu Korbinian, mumeo, alipofariki, kwa hiyo sina haki ya kununa.

Simu siiwezi, unajua. Nikiishika napayuka kana kwamba niko malishoni. Ndiyo maana naandika.

Kwenye boksi hili kuna bando la majani. Usianze kucheka. Juzijuzi, tarehe 15, ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na kama kila mwaka sisi wanawake tulikwenda kuchuma, tukafunga mabando, padre akayabariki. Akamwaga maji ya baraka bila huruma mpaka kofia ya Bi Afra ikalowa, na Bi Afra akanuna Misa nzima. Mwaka huu nimefunga mawili. La kwangu nimelitundika pembeni mwa jiko, la kwako ndilo hilo. Ule mmea mrefu kama fimbo, wa katikati, uache, ni wa pambo. Mengine vunjavunja, weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mwagia maji ya moto, funika. Kunywa asubuhi na jioni. Yale maua madogo ya manjano nimeyazidisha makusudi. Ni ua la Mtakatifu Yohana, linaondoa giza moyoni. Marehemu mama alitunywesha kila baridi ilipokaza na hakuna aliyedhurika.

Vidonge vya daktari endelea kumeza. Sisemi uviache, mimi si mjinga.

Wifi yako,
Kreszenz

*

Hamburg, 9 Septemba

Wifi Kreszenz,

Asante kwa barua na kwa boksi. Hujambo wewe, na kwato inaendeleaje? Mimi niko hivi hivi.

Vroni amekuambia kweli. Namezeshwa kidonge kimoja kila siku na chakula. Sijalazwa, na nywele ninazo zote. Watu wananiambia nina bahati na nimezoea kuitikia. Kinachonisumbua ni kichefuchefu, misuli ya miguu kukaza ghafla, na usingizi kunikimbia.

Hospitali yetu ina idara ya tiba saidizi, ghorofa ya chini, karibu na jiko, kwa hiyo inanukia mafuta ya lavenda na supu ya dengu. Hawatibu saratani. Wanalisema wenyewe, tena mapema, kabla hujavua koti. Kazi yao ni kumsaidia mtu avumilie matibabu. Mimi nachomwa sindano nyembamba za Kichina masikioni na kwenye vifundo vya mikono, na kichefuchefu kimepungua. Sijui kwa nini. Daktari wa sindano, Bwana Thormählen, anasema yeye naye hajui vizuri, nikampenda kwa hilo. Jumatano tunachora. Mimi nilichora jagi. Mwenzangu mmoja, nahodha mstaafu, alichora ugonjwa wake ukipigwa na mawimbi, kisha akaniuliza jagi langu lina maana gani. Nikamwambia ni jagi.

Chai yako nakunywa. Kwanza nilicheka: Mlutheri mzima wa Hamburg na majani ya Bikira Maria! Ni chungu, lakini inanituliza. Usiku nasinzia mapema kidogo, au najidanganya. Vyovyote vile naipika asubuhi na jioni kama ulivyoamuru.

Nimefurahi kupata barua yako kuliko nilivyotarajia. Hilo nalisema mara moja tu.

Wifi yako,
Heike

*

Hinterreuth, 26 Oktoba

Kwa wifi yangu Heike,

Salamu, na hali? Huku theluji ya kwanza imeanguka milimani, ng'ombe wamerudi mazizini wote wazima, na mimi mgongo unanikumbusha umri.

Barua yako nimewasomea wanawake wa kwaya. Usikasirike, nimeruka mambo ya siri, ingawa kusema kweli hakuna, maana ninyi watu wa kaskazini mnaandika kama mnatozwa kwa neno. Walicheka sana kwa lile jagi. Wakafurahi zaidi kusikia majani yanakusaidia. Bi Afra amechangia ua la Yohana kutoka kwake, mimi nimetoa lililobaki kwangu, kwa hiyo boksi hili ni karibu la manjano tupu. Ongeza kijiko, weka viwili. Usimfanyie ubahili mtu aliyejitolea.

Na miguu ikikaza, kanda kwa taulo la moto, lifunge kwenye mashavu ya miguu, juu yake kitambaa kikavu cha sufu. Mimi hapa kijijini ndiye mfungaji wa vitambaa vya wagonjwa. Mtoto akiwa na homa wananiita mimi, bibi akiwa na kifua wananiita mimi. Ungekuwa karibu ningekufunga kila siku.

Sasa niseme jambo, nisije nikapasuka. Wiki ijayo ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Kila mtu hapa atasimama kwenye kaburi la mtu wake na mshumaa. Mimi nitasimama kwa baba na mama, kisha nitazunguka mkono mtupu, kwa sababu kaka yangu umemzika baharini, majivu kwenye chombo, majini, basi. Sijui nimtafute wimbi gani. Nimekwisha kusema.

Kunywa chai yako.

Wifi yako,
Kreszenz

*

Hamburg, 14 Novemba

Wifi Kreszenz,

Salamu. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi leo si mzima sana, nitaandika kidogo.

Korbinian alitaka bahari. Aliniambia mimi, akiwa na akili zake timamu, na akaniomba nikuambie. Nikaogopa kukuambia kabla, nikakuambia baada. Una haki ya kukasirikia hilo. Kwa bahari yenyewe mkasirikie yeye.

Vipimo havikwenda vizuri. Namba inayotakiwa kushuka ilishuka miezi ya kwanza, kisha tangu Septemba imesimama, na sasa inapanda. Daktari wangu wa damu, Bi Lührs, ameongeza dozi. Aliniuliza kama nasahau kumeza. Sisahau. Aliniuliza kama natumia dawa nyingine yoyote, hata ya dukani. Nikasema hapana. Anaandika sana nikiwa mbele yake, na hiyo si dalili nzuri.

Dozi kubwa inanichosha. Chakula hakipiti. Chai yako ndiyo pekee inayoshuka bila ugomvi. Naweka vijiko viwili.

Wifi yako,
Heike

*

Hinterreuth, 20 Januari

Kwa wifi yangu Heike,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa, na wewe umechelewa zaidi. Hujambo huko? Sisi tupo.

Nilikutumia kadi ya Krismasi, kimya. Nikatuma mkate wa matunda, kimya. Nikampigia simu Vroni, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikapayuka mpaka akaweka simu mbali na sikio. Akasema uko hai, umemwambia umechoka tu. Mtu aliyechoka anaweza kuandika "nimechoka". Ni neno moja.

Ni ile habari ya kaburi? Nilisema kwa uchungu, na wewe ukanijibu, na jibu lako nimelikubali robo tatu. Hiyo robo iliyobaki niachie, ni ya kwangu.

Au hali imekuwa mbaya? Niambie namba inasemaje. Kila Jumapili padre anasoma jina lako katika maombi, na analitamka vibaya, lakini Mungu anajua anayesemwa.

Majani yamebaki? Ninayo akiba.

Wifi yako,
Kreszenz

*

Hamburg, 11 Februari

Wifi Kreszenz,

Salamu. Mkate ulifika, ulikuwa mtamu, nimeula wote. Nisamehe ukimya. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika barua hii na sikuipata, kwa hiyo naandika bila namna.

Mwanzoni mwa Desemba nilikuwa nimelala na sindano zangu, Thormählen akiniongelesha ili nisinzie. Nikakusifu kwake. Nikamwambia nina wifi kule milimani anayenifungia majani yaliyobarikiwa, na ndiyo yanayonishikilia. Akauliza, majani gani? Nikasema sijui yote, lakini mengi ni ya manjano, ua la Yohana. Akazichomoa sindano moja moja, akaniketisha, akasema, "Bi Heike, hebu nenda nyumbani ukayalete. Sasa hivi, si kesho."

Ua hilo, wifi, linalichochea ini. Ini linaivunja dawa yangu na kuitoa kabla haijafanya kazi. Walinipima damu, wakakuta dawa iliyomo ni kidogo mno kwa mtu anayemeza dozi kubwa kama yangu. Thormählen akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo, wakati yeye na Bi Lührs wote waliuliza. Nikamjibu kwamba waliniuliza dawa, na ile haikuwa dawa. Ilikuwa kitu cha kanisani, imebarikiwa, imetoka kwa wifi yangu. Mtu hamtajii daktari sala anazosali. Tena niliona haya. Nimelelewa kuwacheka watu wa mabando, sikutaka muuguzi aniandike kwamba nayanywa.

Akasema, "Vitu tunavyokupa hapa chini vimechaguliwa kwa kuangalia kidonge chako. Hiyo chai hakuna aliyeiangalia."

Nimeacha siku ileile. Sasa tunangoja tuone kama dawa itaamka. Majani yapo kabatini. Kuyatupa naogopa, yamebarikiwa, na kuyachoma sina pa kuyachomea, ghorofani hatuna jiko la kuni.

Hukujua. Mimi ndiye niliyeambiwa nitaje, nikafunga mdomo. Tafadhali niandikie.

Wifi yako,
Heike

*

Hamburg, 16 Machi

Wifi Kreszenz,

Salamu. Sijapata barua. Labda posta, labda theluji imefunga njia.

Namwona yule nahodha kila Jumatano. Ananiuliza habari zako, maana nilimsimulia. Anasema watu wa milimani hununa mpaka theluji iyeyuke. Hapa imeyeyuka zamani. Huko sijui.

Dawa kwenye damu imepanda, iko inapotakiwa. Ugonjwa wenyewe bado haujatii. Wanasema tungoje kipimo kingine.

Niandikie hata matusi.

Wifi yako,
Heike

*

Hinterreuth, Jumatano ya Juma Kuu

Heike,

Salamu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliisoma zizini nimesimama, nikaitia mfukoni mwa aproni, nikaendelea kukamua. Baadaye nikashuka mjini kwa mfamasia. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza tu. Akasema, "Aa, hilo ni jambo la kawaida, mama. Ua la Yohana halichanganywi na vidonge ovyo ovyo, hata vya kuzuia mimba. Linauzwa hapa na maandishi hayo yamo ndani ya pakiti." Jambo la kawaida! Sisi hatununui pakiti. Linaota nyuma ya nyumba, nani atalibandikia maandishi?

Majani yachome. Weka kwenye sufuria ya zamani, barazani, uwashe kiberiti, useme Baba Yetu. Baba Yetu ya Kilutheri inatosha.

Tangu Februari sijamfunga mtu. Mtoto wa Gebhard, jirani, alishikwa na homa, wakaniita, nikasema mgongo unauma. Haukuwa unauma. Nilisimama dirishani nikaangalia taa yao mpaka nikaona mama wa mtoto anamfunga mwenyewe, tena vibaya, kitambaa cha nje kikiwa kibichi. Sikutoka. Mikono hii imefunga kijiji kizima na sasa naiona kama ya mtu mwingine.

Sitaki adabu yenu ya Hamburg. Usiniandikie tena kwamba sikujua. Najua sikujua. Nataka jibu moja tu, na unijibu wazi kama unavyomjibu mtu anayekuuliza bei. Kipimo kikitoka niambie: nimekuua?

Kreszenz

*

Hamburg, 2 Mei

Wifi Kreszenz,

Salamu. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata huo.

Kipimo kimetoka. Kidonge cha kwanza kimeshindwa. Damu yangu ilipata nafasi ya kukizoea, na sasa hata kikiwa kingi hakifanyi kitu. Nimebadilishiwa, nimeanza kingine juzi, chenye nguvu zaidi. Hiki kikikubali, naweza kuishi mpaka niwe bibi kizee mwenye kelele. Kikikataa, kinachofuata ni kigumu, na kwa umri wangu hawanipi matumaini mengi. Jibu la kwanza litajulikana mwishoni mwa Agosti.

Umeuliza wazi. Nilimuuliza Bi Lührs vilevile wazi. Alisema kidonge cha kwanza kinaweza kushindwa kwa mtu yeyote, hata asiyekunywa chai ya aina yoyote. Alisema pia kwamba dawa ikiwa ndogo mwilini kwa miezi, ugonjwa hupata mlango. Ni lipi kati ya hayo lililonipata mimi, hawezi kujua, na hakuna kipimo cha kuonyesha. Kwa hiyo jibu ni kwamba sijui. Hatutajua kamwe. Ningependa kukuandikia hapana. Niliiandika, nikaichana.

Siku nyingine nakukasirikia. Mara nyingi najikasirikia mimi. Kuna siku hata sikumbuki, natengeneza kahawa.

Sasa na mimi nina swali. Kidonge kipya kinanivimbisha miguu na misuli inakaza vibaya zaidi, nashindwa kushuka ngazi. Idara ya chini wana mwanamke, Bi Ute, anayeikanda kwa mafuta, taratibu, kwa namna isiyodhuru, na napata nafuu ya kweli. Lakini ni mara moja kwa wiki. Anasema anaweza kumfundisha mtu wa nyumbani afanye kila siku. Akauliza, "Nani yupo nyumbani?" Nikamwambia hakuna. Akauliza, "Basi nani anayekupenda?" Ni swali la ajabu kuulizwa na mtu anayekushika kisigino. Nikataja jina lako, na baada ya kulitaja nikaogopa kwamba nimejisifu.

Je, unaogopa kunigusa?

Chumba cha nyuma ni kitupu.

Wifi yako,
Heike

*

Hinterreuth, 10 Mei

Kwa wifi yangu Heike,

Salamu. Hali sikuulizi, nitaiona mwenyewe.

Gebhard na mkewe watawakamua ng'ombe. Nimewaambia ni mpaka Septemba, wakatazamana, nikajifanya sikuona. Treni itafika Hamburg Alhamisi jioni. Usije stesheni na miguu hiyo. Nitauliza njia, mdomo ninao.

Sileti jani lolote. Mwambie Bi Ute nitakaa kimya na kufuata anavyonielekeza, angalau wiki ya kwanza. Mwambie pia kabla sijakupa hata kikombe cha maziwa nitamuuliza daktari, na nitauliza kwa sauti, wasizoee kunyamaza mbele yangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, na ng'ombe walinikumbusha kwa kelele kwamba sijawakamua. Nilitaka useme hapana. Nilikaa pale jikoni nikilitafuta hilo neno kwenye karatasi, nikigeuza mbele na nyuma. Kisha nikafikiri, Heike angeliandika ningejua ananidanganya kwa adabu, na nisingethubutu kamwe kumtazama usoni. Kwa hiyo ile "sijui" yako nimeikubali. Ni nzito, nitakuja nayo.

Ndiyo, naogopa kukugusa. Nikifika nitakuwa bado naogopa, utanipa miguu hivyo hivyo.

Nitakaa mpaka majibu yatoke, yawe yatakavyokuwa, na yakiwa mabaya nitaendelea kukaa. Usijibu barua hii, haitanikuta. Kuanzia Alhamisi ukiwa na neno gonga ukuta. Usingizi wangu ni mwepesi.

Wifi yako,
Kreszenz